Taa Inayokonyeza

Shangazi alinipigia saa tisa za usiku, Alkhoudh nzima
imelala na viyoyozi vyake. Salamu hakutoa.
"Moza, taa ya ukumbini nimeizima, na bado inakonyeza."

Inakonyeza vipi?
"Kama mtu mwenye siri. Pa. Kisha giza.
Nahesabu mpaka kumi na moja. Pa."

Alikwishasoma Ayatul Kursiy mara saba.
Alikwishamwambia jirani, na jirani akamtajia
mtu wa Bahla anayeyajua mambo haya.
Nikamsihi asimlipe mtu hata riali moja
kabla sijafika na testa yangu.

Nilifika na joto la Julai, lile
linaloufanya mpini wa bisibisi uteleze mkononi.
Nikazima swichi. Nikakaa kwenye zulia. Nikangoja.
Pa.
Balbu nyeupe ya kubana umeme, ya baisa mia sita,
haina hata vumbi.

Nikaifungua swichi. Ndani mna kijicho chekundu,
si cha husuda: kitaa kadiri ya punje ya komamanga,
alichokitia marehemu Ami Hilali
ili mkewe asipapase ukuta akiamka kuswali.
Nacho, shangazi, hakikeshi bure.
Kinaramba umeme kidogo, na kidogo hicho
kinapenya mpaka kwenye balbu.
Balbu za zamani zilikuwa na njaa kubwa,
tone kama hilo zisingelihisi ulimini.
Hii ya sasa ni bahili. Ina kibubu tumboni.
Inatia senti, inatia senti, kibubu kinajaa,
inakivunja, inazitumia zote kwa mpigo mmoja,
pa!
halafu fukara tena.

"Kumbe si jini," akasema, na sauti yake
ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nikauliza: na jikoni je?
"Jikoni hakuna neno. Inacheza kidogo tu
nikiwasha esi. Imeshazoea."

Imeshazoea.
Neno hilo nimelisikia katika nyumba tatu
ambazo leo dari zake ni nyeusi.

Nikashusha swichi kuu. Nyumba ikanyamaza,
joto likaingia bila hodi.
Kwenye kifuniko cha boksi, fundi wa zamani
aliandika kwa penseli maandishi ya kwao Kerala,
ya duara duara; labda majina ya vyumba,
labda ya wanawe.
Waya wa nyutro wa jikoni ulikaa chini ya skrubu
kama jino la mtoto wa miaka sita: ukiugusa, unacheza.
Gamba lake la plastiki limegeuka rangi ya halua,
na ile harufu, harufu ya samaki aliyesahauliwa juani.
"Mwezi mzima," akasema shangazi nyuma yangu,
"namlaumu jirani kwa mapishi yake."

Nikakata kilichoungua, nikamenya upya,
nikakaza mpaka skrubu ikalalamika.
Nikawasha. Esi ikaguruma, na taa ya jikoni
ikatulia kama maji ya mtungini.
Hakuitazama hata kidogo.

Alinivuta mkono, tukarudi ukumbini.
Dawa ni mbili, nikamwambia: nikitoe kijicho,
au nifunge kidude kando ya balbu
kitakachoyameza matone yale kabla hayajafika.
Akapitisha kidole juu ya swichi.
"Ami yako alikitia kwa mkono wake. Alijikata, hata.
Funga kidude."
Sinacho, mpaka nende Ruwi Alhamisi.
"Basi Alhamisi. Kama ni ubahili tu, si shari,
nitastahimili. Nimeishi na wabahili."

Usiku ule simu ikalia, saa tisa kasorobo.
"Moza. Kumi na moja, kama jana.
Haijakosea hata mara moja. Lala."
Akakata.